Afya ya akili ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara: barazani, uani, kwenye foleni ya kliniki ya mama na mtoto, na kwenye sauti za WhatsApp zinazotumwa saa sita usiku na mtu aliyekosa usingizi. Yameanzia kwenye mepesi na kuishia kwenye yale ya watu wachache. Ukiwa na fikra za kujidhuru, au una wasiwasi na mtu wako, usifuate mpangilio. Nenda swali la 17 sasa hivi.

## Mambo ya mwanzo

1. Afya ya akili ndiyo nini? Mimi si mtu wa Kidongo Chekundu.

Jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, limegeuzwa utani kiasi kwamba mtu akisikia neno "akili" tu, anaona geti la hospitali. Hospitali ile inatibu maradhi, na wengi wanaoingia hutoka wakarudi kwenye kazi zao bila ya jirani kujua. Afya ya akili ni jambo la kila mtu, kama afya ya meno isivyokuwa ya aliyeng'olewa gego peke yake. Ni kule kuweza kubeba shida za kawaida, kufanya kazi, kukaa na watu, na kurudi sawa baada ya kutikisika. Shirika la Afya Duniani limeitia akili ndani ya maana ya afya tangu katiba yake ianze kutumika mwaka 1948.

Maneno yetu wenyewe yanatosha kueleza. "Roho imenikaa vibaya", "kichwa kizito", "sina raha na kitu": mwambie daktari hivyo hivyo, atakuelewa.

2. Fikra nyingi, msongo wa mawazo na sonona ni kitu kimoja?

Sicho. Umeanika karafuu, wingu limetanda kutoka baharini, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka ukizianua. Mvua inapita, unakaa, unacheka. Huo ni msongo, na umefanya kazi yake. Shida inaanza pale mvua imepita siku nyingi na moyo bado unakimbia.

Sonona ni kitu kingine. Ni huzuni, au kukosa ladha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili kama usingizi kuharibika, chakula kutopita, uchovu usio na kazi, kujilaumu, na akili kutotulia hata kwenye jambo dogo. Hizo wiki mbili ndizo madaktari wanazohesabu. Hapa kwetu mara nyingi huanza kwa sura ya mwili: kichwa, mgongo, kifua kubana, tumbo ambalo kila kipimo kinasema ni zima.

3. Tabia ndogo ndogo zinasaidia kweli, au ni maneno ya semina?

Zinasaidia kwa kiasi chake. Usingizi uliopangika, mwendo wa mwili, watu wa kuzungumza nao na pumzi iliyotulia hupunguza msongo, huinua hali ya mtu mwenye sonona nyepesi, na humsaidia aliyepona asirudi alikotoka. Hazitibu sonona kali, wala ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo. Kumwambia mtu wa hali hiyo "toka ukatembee ufukweni" ni sawa na kumwambia mwenye malaria ajifunike shuka.

4. Nianze na ipi?

Moja tu. Na uifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila ya kukumbushwa.

Hili ndilo jibu ninalolitilia mkazo kuliko mengine yote hapa, maana wengi hushindwa kwa kuanza na mambo sita Jumatatu moja. Siku ya Mzanzibari imeshafungwa vigingi: sala tano, maji kupwa na kujaa, chai ya asubuhi, nazi ya mchana. Hutafuti muda mpya. Unaning'iniza kitu kidogo kwenye kigingi kilichokwisha kusimama.

Mama mmoja wa Bwejuu aliniapia kwamba hana hata dakika tano zake. Tukaipitia siku yake: mwani, watoto, chakula, kuchota maji, kisomo. Tukazipata kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kila siku anakaa pale dakika kumi, miguu imebana kiti, mikono inakwenda yenyewe, na kila siku alikuwa akizijaza kwa kupiga hesabu za madeni. Sasa nazi ya kwanza anaikuna kimya, pumzi ndefu, akisikiliza lile kwaru-kwaru la kifuu. Nazi ya pili, kama anataka, arudi kwenye madeni. Aliponieleza hivyo alicheka, lakini ndivyo anavyofanya mpaka leo.

5. Itachukua muda gani mpaka niizoee?

Si siku 21, kama inavyosambazwa kwenye simu. Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya, na matokeo yakachapishwa mtandaoni mwaka 2009: kwa kawaida ilichukua siku 66, lakini kulikuwa na wa siku 18 na waliokadiriwa kufika siku 254. Walichogundua pia ni kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu kitu. Harusi ya ndugu ikikuvuruga siku mbili, siku ya tatu endelea ulipoachia.

## Usingizi, kahawa na simu

6. Nikilala tu, fikra zinakuja. Nifanyeje?

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Lakini usianze kwa kulazimisha saa ya kulala. Anza na saa ya kuamka. Ukiamka wakati mmoja kila siku, hata ukilala vibaya, mwili hujipanga wenyewe ndani ya wiki chache. Anayeamka kwa adhana ya alfajiri ameshapata nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kutoka nje pakipambazuka, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwilini. Kosa kubwa ni kusali, kurudi kitandani na kuamka saa nne.

Kuhusu fikra: kaa na daftari la skuli baada ya magharibi, andika yanayokusumbua, na mbele ya kila moja andika hatua ya kesho, hata iwe "kumpigia fundi". Fikra nyingi hurudi usiku kwa kuogopa kusahauliwa. Na ukikaa kitandani kama dakika ishirini bila ya usingizi, inuka. Kaa kwenye kiti gizani, vuta uradi au suka ukili, urudi kitandani macho yakiwa mazito. Kitanda kisijue kazi ya kugaagaa.

Usingizi mfupi wa mchana, kailula, hauna ubaya ukiwa wa nusu saa na kabla ya alasiri.

7. Kahawa ya barazani niache?

Baraza usiache. Kahawa ya usiku ndiyo ya kufikiriwa. Nusu ya kafeini, ile inayokesha mtu ndani ya kahawa, huchukua kama saa tano kutoka mwilini, na kwa wengine zaidi. Ukinywa vikombe vitatu baada ya isha, saa mbili usiku, ikifika saa saba usiku nusu yake bado inakutazama. Vikombe vile ni vidogo, kweli, lakini nani anakunywa kimoja?

Mwenye moyo wa kudunda na wasiwasi aangalie hata kahawa ya mchana, kwa kuwa kafeini huleta dalili zile zile anazoziogopa. Kunywa ya alasiri, na ya usiku ibadilishe kwa maji ya moto ya mchaichai au tangawizi. Kashata kula. Usiikate kahawa yote kwa siku moja, kichwa kitakuuma.

8. Na simu?

Ilale ukumbini, nawe chumbani. Kama unaitumia kwa kukuamsha, nunua saa ya mezani. Makundi ya familia yanayopeleka picha za ajali na maiti yazimie sauti, na hulazimiki kumuomba mtu ruhusa kwa hilo.

9. Mimi ni mvuvi wa dagaa, usiku ndio kazi. Hayo ya alfajiri yananihusu?

Hayakuhusu yote. Wakati wa kiza unafanya kazi usiku kucha, mwezi ukiwa mkubwa unapumzika, kwa hiyo mwili wako unahamishwa nchi mara mbili kila mwezi. Tunachoshauri ni fungu moja la usingizi lisilohama. Ukirudi asubuhi, uza, kula kidogo, lala kabla jua halijawa kali, chumba kiwe na giza. Kanga nzito dirishani inatosha. Siku za mwezi mkubwa usigeuke ghafla, sogeza saa mbili mbili. Waambie watu wa nyumbani kwamba saa nne asubuhi kwako ni usiku wa manane, na watoto wacheze upande wa pili. Wafanyakazi wa zamu mahotelini, Nungwi na Paje, wafanye vivyo hivyo, na wakiweza waombe zamu za usiku zifuatane kuliko kurukaruka.

## Mwili

10. Nalima, nabeba mwani, nakwenda mguu kila mahali. Bado nahitaji mazoezi?

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi za shamba na za nyumbani zinahesabiwa. Kwa moyo na misuli umeshapita. Kwa akili hesabu ni nyingine kidogo: tafiti zinaonesha kwamba mwendo wa hiari ndio unaoambatana zaidi na utulivu wa akili, kuliko mwendo wa kazini. Kuinama majini saa tatu kufunga mwani, ukijua bei ni ndogo, si sawa na kutembea nusu saa na shoga yako mkizungumza ya dunia.

Basi wewe mazoezi yako ni hayo ya nusu saa. Wa ofisini na wa dukani ndio wanaohitaji kutokwa na jasho. Mjini viko vikundi vya mazoezi vya asubuhi, wake kwa waume, na kila tarehe 1 Januari hukusanyika kwa pamoja. Ukiona haya kukimbia barabarani, tembeeni wawili baada ya alfajiri.

11. Nile nini?

Hakuna chakula kinachofukuza huzuni. Kula kwa wakati, usiruke cha asubuhi halafu ukajaza soda, na sahani iwe na samaki, maharage, mchicha au kisamvu badala ya wali mtupu na mchuzi. Urojo wa jioni hauna kosa.

12. Kuvuta pumzi kunasaidia nini? Si navuta kila siku?

Unavuta, ila juu juu. Ukivuta hewa moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa moyo hupunguza. Ndiyo maana siri iko kwenye kutoa. Vuta kwa puani ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, kwa dakika tatu hadi tano. Mkono uwe tumboni, uusikie ukipanda.

Anayezoea kuvuta tasbihi kwa utulivu baada ya sala, pumzi moja kwa kila kutaja, anafanya jambo la namna hii bila ya kulipa jina. Usingoje siku ya hofu ndipo ujifunze. Jifunze siku ya raha, kama kuogelea.

## Watu

13. Wanaume wana baraza. Sisi wanawake?

Swali zuri, na kila anayesifia baraza huwa amelisahau. Baraza ni hazina: mtu akikosekana siku mbili anaulizwa, akiwa na neno anasikilizwa huku watu wakicheza bao. Lakini ni la wanaume, na hata huko wengi huzungumza siasa na mpira miaka thelathini bila ya mmoja kusema "mimi silali".

Wanawake wanazo zao: ukuti wa kusuka pamoja, kikundi cha hisa, shughuli, kisomo, kuchambua karafuu chini ya mwembe. Ubora wa kazi za mikono ni kwamba macho yako kwenye ukili, na mtu asiyetazamwa usoni husema mengi. Atakayepata shida ni mwari aliyeolewa mbali na kwao, hana shoga wala wifi wa kuelewana naye. Kwake, simu moja ya kweli kwa wiki kwa mtu wa kwao, ya sauti na si ya maandishi, ni tabia ya kulindwa kama dawa.

14. Nikisema, siri itasambaa. Nimwambie nani?

Hofu hii ni ya haki. Ukipiga chafya Mkoani, Micheweni wanakuombea. Ndiyo maana usitafute watu wengi, tafuta mmoja, na umjaribu kwanza kwa jambo dogo. Mwambie la dhiki ya pesa, uone kama litarudi kwako kupitia mdomo mwingine. Lisiporudi, mwambie la moyoni.

Watu wa nje ya mzunguko wako wana faida: daktari au muuguzi wa kituo kingine, mbali na mtaa wenu. Mhudumu wa afya anabanwa na miiko ya kazi asitoe siri ya mgonjwa. Ukiona unaulizwa mbele za watu kwenye dirisha la mapokezi, una haki ya kusema "nitamwambia daktari faragha". Yupo niliyemfahamu aliyepanda daladala la mwisho wa njia kila mwezi kwa kuogopa kuonekana karibu na kwao. Gharama ya nauli ilikuwa yake, lakini alitibiwa.

15. Rafiki yangu amekuwa mnyonge. Nimwambie nini?

Punguza "vumilia", punguza "wengine wana makubwa zaidi", na "mshukuru Mungu" iwe ya mwisho, si ya mwanzo. Yote ni maneno mema, lakini mapema yanafunga mlango. Sema "nimekuona hivi karibuni huna raha, kuna nini?" kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Halafu fanya kitu: mpeleke mtoto wake madrasa, mletee bakuli la mchuzi, fuatana naye hospitali. Mnyonge huchoka kuamua, kwa hiyo usimwambie "ukihitaji chochote niambie". Mwambie "kesho saa kumi nakuja tutembee".

## Lini tabia hazitoshi

16. Ni wakati gani niende kwa daktari?

Ukipita wiki mbili za swali la 2. Ukishindwa kazi, kuoga, au kulea. Ukianza kutuliza kichwa kwa pombe, bangi au vidonge vya kununua dukani. Ukisikia au kuona wasivyoviona wengine. Huhitaji kuanzia hospitali ya akili: anza na kituo cha afya cha karibu, watakupa barua ya kwenda mbele ikibidi. Waombe pia wakupime mwili, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo hujifanya sonona.

17. Nina fikra za kutaka kufa, au mtu wangu anazo.

Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno ya wazi, na usibaki peke yako. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, saa yoyote, ukiwa na mtu. Kama hatari ipo sasa hivi, piga 112.

Kama ni mtu wako, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, humpa nafasi ya kupumua. Usimhukumu wala usianze na adhabu za akhera. Ondoa karibu yake sumu za shamba na akiba za vidonge, kaeni naye kwa zamu, na mfikishe kwa daktari hata akisema ameshatulia. Wimbi la fikra hizi hupanda likashuka, na kazi yenu ni kuwa naye mpaka lishuke.

Mtoto anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto.

18. Nimepewa dawa, nimepata nafuu. Niache?

Usiache peke yako. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kuanza kuonekana, na kwa kawaida huendelea miezi kadhaa baada ya nafuu ili hali isirudi. Kuzikata ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na usingizi mbovu, ndipo watu husema "zimenizoesha". Mwambie daktari unataka kuacha, atazipunguza ngazi kwa ngazi. Dawa zikikunenepesha au kukulaza kupita kiasi, hilo nalo mwambie. Zipo nyingine.

## Imani na akili

19. Mwenye kusali si hapati sonona?

Anapata, kama anavyopata presha na kisukari. Sala, dua na jamaa za msikitini ni nguzo kubwa, na wengi ndizo zilizowashika. Lakini kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya wa kwanza.

20. Ni jini au ni ugonjwa?

Sitaki kubishana na mtu nyumbani kwake. Ninachosema ni hiki: kisomo na kombe havigombani na hospitali, na sheikh mwenye hekima atakwambia mwenyewe uende kote kuwili. Mipaka ni mitatu. Mgonjwa asifungwe minyororo wala kupigwa ili "atoke". Asinyimwe chakula na usingizi. Asikatazwe dawa aliyoandikiwa. Mganga anayevuka mmojawapo, ondokeni. Na homa kali, kifafa na malaria iliyopanda kichwani huweza kumfanya mtu aweweseke kama aliyepandwa, kwa hiyo hali ikija ghafla na mwili ukiwa wa moto, hospitali kwanza.

21. Narudia udhu mara kumi, na takbira siitoi mpaka imamu anarukuu. Ni shetani?

Watu huita wasiwasi, na madaktari wanalijua vizuri: ni ugonjwa wa fikra zinazojirudia na vitendo vya kuzituliza. Kila ukirudia unapata nafuu ya dakika moja, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kudai tena. Tiba inakwenda kinyume: osha mara moja au tatu, ondoka kwenye bomba huku shaka ikikuuma, na usirudi. Shaka itapanda, itakaa, itashuka. Wanazuoni wamekwisha kuiweka kanuni ile ile kwamba yakini haiondoshwi kwa shaka, na mwenye wasiwasi asiusikilize. Muombe imamu unayemuamini akwambie hukumu yako mara moja tu, usimuulize kila siku, maana kuuliza nako ni kurudia. Ikikula saa nzima ya siku, tafuta daktari. Ipo dawa, na yapo mazoezi.

22. Ramadhani inanivuruga usingizi na dawa.

Usingizi hukatika vipande viwili au vitatu, kwa hiyo hesabu jumla yake: baada ya tarawehe mpaka daku, na kailula mchana. Runinga mpaka saa nane usiku ndiyo inayoharibu, si funga. Kahawa ianze kupunguzwa wiki moja kabla.

Dawa za mara moja au mbili kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa futari na daku, lakini apange daktari, mwezi ukiwa bado haujaandama. Anayetumia lithiamu, dawa ya hali ya moyo inayopanda na kushuka mno, awe mwangalifu zaidi: mwili ukikauka maji, dawa hupanda kwenye damu hadi kiwango cha sumu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, imo ndani ya Qur'ani.

## Hali za pekee

23. Nimejifungua, watu wanafurahi, mimi nalia.

Siku za tatu hadi tano kulia ni jambo la kawaida, na hupita ndani ya wiki mbili. Likiendelea, ni sonona ya uzazi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinasema karibu wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, na katika nchi zinazoendelea ni karibu 20. Hujawa mama mbaya.

Arubaini zetu zina msaada mkubwa ndani yake: unakandwa, unapikiwa, hubebi ndoo. Lakini usiku unaachiwa mtoto peke yako. Omba usingizi mmoja wa saa nne usiokatizwa, mama au wifi amchukue mtoto akishanyonya na akuletee tena ukiamka. Mama ambaye halali kabisa, anazungumza yasiyoeleweka au anamuogopa mtoto wake, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usingoje arubaini iishe.

24. Niko eda. Nitavumilia vipi miezi minne na siku kumi ndani?

Eda ina staha yake, na kwa wengi ule utulivu ni nafasi ya kulia bila ya kuulizwa. Ugumu huja mwezi wa pili, wageni wamekwisha. Kaa uani asubuhi upate jua, oga na ubadilishe nguo kwa saa maalumu, uwe na kazi ya mikono, kofia ya viua au ukili, na mwanamke mmoja wa kuja siku moja isiyobadilika kila wiki. Kwenda hospitali ni haja, sheikh atakuthibitishia. Fedha na hati za marehemu wasikuharakishe.

25. Siwezi kupanda meli tangu ajali zile. Kwetu ni Pemba, naishi Unguja.

MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Karibu kila mtaa ulifiwa, na wapo ambao tangu hapo hawajakanyaga bandarini. Kama bado unaota maji, au unarushwa na kila honi ya meli, hiyo ni athari ya tukio na inatibika, hata baada ya miaka. Tafuta daktari kwanza.

Kama ni hofu ya kupanda tu, panda kwa ngazi. Wiki ya kwanza nenda bandarini Malindi, mjini Unguja, ukae mahali unapoiona meli, nusu saa, na pumzi za swali la 12, usiondoke hofu ikiwa juu. Wiki ya pili msindikize msafiri mpaka langoni. Kisha safari fupi ya mchana na mtu unayemuamini, wakati wa maleleji bahari ikiwa imelala, si kwenye kusi. Kaa sitahani, nyuma, ambako mrusho ni mdogo, na ujue koti la kuokolea liko wapi. Ngazi ikikushinda, rudi moja chini, usishuke zote. Na ikiwa mazishi ni kesho Wete na ngazi ndiyo kwanza ya pili, panda ndege. Malindi utarudi wiki ijayo.